Gari la rimoti halijafa, ni kigia tu: wauzaji leteni spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua, maana kuna mama mmoja aliandika humu humu akilalamika kwamba haya magari ya rimoti, hasa yale malori na pikapu za matairi makubwa, ni wizi mtupu, mtoto anacheza wiki mbili gari limekufa, na akamalizia kwa kusema TBS, wale wa shirika la viwango, wayazuie kabisa yasiingie nchini. Mama yangu namuelewa, elfu themanini sio hela ya kuokota barabarani. Lakini kwenye hilo la kuzuia namkatalia kwa heshima zote, kwa sababu hayo magari yanayosemwa yamekufa ndio ninayoyafungua mezani kwangu hapa Mbagala. Mi ni fundi redio na tivii ila siku hizi wazazi wananiletea magari ya rimoti kuliko redio, na mengi yao yana ugonjwa mdogo mpaka mtu unaona aibu kumtajia bei mteja. Betri nzima, mota nzima, ile bodi ya umeme ndani nzima, rimoti inasoma vizuri, kilichokufa ni kigia cha plastiki chenye upana wa milimita 6 au kipini cha chuma cha urefu wa sentimita moja. Basi.

Sasa chukua hicho kigia nenda nacho duka ulilonunulia gari, ndo utajua tatizo liko wapi. Mi nimeenda sana kwa niaba ya wateja, Kariakoo huko, maduka siyataji, na jibu ni lile lile, hatuna spea mzee, chukua jipya nakupunguzia. Yani mtu ana rafu mpaka darini zimejaa magari, ya kijeshi, ya tope, ya kupanda mawe, ila hana hata gia moja ya kuuza, alafu akikupunguzia buku tano kwenye gari la elfu themanini anaona kakusaidia kweli kweli. Kwa hiyo mama anarudi nyumbani na gari lililokufa, analiweka juu ya kabati, baada ya miezi linaenda jalalani likiwa na mota na betri nzima ndani yake.

Nitoe mfano wa gari moja ambalo watoto wa hapa wanalipenda sana na sababu yake inaeleweka. Kuna pikapu ya Kichina inaitwa WPL D12, ni mfano wa Suzuki Carry kwa uwiano wa 1/10, yani ni kirikuu hizi hizi zinazotuletea mchanga na vitanda, bodi lile lile, keria inafunguka nyuma, mtoto wa Kitanzania akiiona hahitaji kuelezwa ni gari gani. Na kwa sababu anaijua kazi yake basi anaifanyisha kazi yake, anapakia kokoto, anapakia matofali ya kuchoma vipande vipande, anamuweka na paka. Mota yake ni ndogo, ya saizi 260, inasukuma tairi za nyuma tu, na gia zake zinazotoka nazo kiwandani ni za plastiki. Sasa kirikuu halisi ikikata propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, au ikila difu, mwenye gari anaenda Gerezani au Ilala anapata, mpya au yuzdi, jioni gari liko barabarani, sijawahi kusikia mtu katupa kirikuu kwa sababu ya krosi ya propela. Hii ndogo inakata kitu kile kile, tena cha bei ya soda, na tunaambiwa nunua gari lingine.

Niingie ndani ya gari kidogo, wasionipenda kwa maelezo marefu wanivumilie. Njia ya nguvu kwenye hizi pikapu ni fupi tu. Mota inazungusha kigia kidogo kilichobanwa kwenye shafti yake, mafundi magari wanakiita pinieni, hicho kinazungusha gia kubwa, gia kubwa inazungusha propela, propela inaingia kwenye ekseli ya nyuma ambako mzunguko unageuzwa kwenda pembeni kulia na kushoto, hapo ndo kwenye difu, mwisho wa ekseli kuna kipini kimepita katikati kama msalaba, kipini kinashika kidude cha pembe sita, na kile kidude ndo kinachoingia kwenye rimu na kuzungusha tairi. Kimoja tu kikitoka kwenye mstari huo gari halitembei, na vyote vilivyobaki viko sawa.

Na gari lenyewe linakuambia kilichokatika, ukisikiliza. Mota inalia wiiii kwa kasi ila gari limeganda, hapo kigia cha kwenye mota kimepasuka. Kinapasuka ufa mmoja mwembamba kati ya meno mawili, huuoni mpaka ukitoe, kwa macho kimekaa vizuri kabisa mahali pake ila hakina mshiko tena, shafti inazunguka peke yake mle ndani. Hii inadanganya watu sana kwa sababu ukilinyanyua gari juu tairi zinazunguka, ukiliweka chini haliendi, mzazi anaambiwa mota imechoka, ananunua mota, inafungwa na kigia kile kile cha zamani kinahamishiwa kwenye mota mpya, tatizo linabaki pale pale na hela imeshaenda. Likitembea huku linapiga tak tak tak kwa mpigo mmoja, kuna jino limekatika kwenye gia kubwa. Tairi moja la nyuma limelala halisukumi, hapo angalia kile kipini cha msalaba kwanza kabla hujaanza kulaumu difu. Na likiwa linaenda kwa shida, linakwama kwama na mota inapata moto, usifungue skrubu yoyote, toa tairi uangalie ekseli. Nyumba yenye saluni barazani ndo usiseme, nywele za rasta zinajisokota kwenye ekseli mpaka zinaingia kwenye beringi, mi huwa nazikata kwa wembe nazitoa na koleo, wakati mwingine ndo matengenezo yote yameishia hapo.

Kwanini zinakatika? Mchanga wa huku kwetu ni sababu moja, unaingia kwenye gia unasaga taratibu. Ila muuaji mkubwa ni kidole cha mtoto. Gari limegonga ukuta na bado kaminya mbele, mota inataka kuzunguka na tairi haziwezi, kitu dhaifu kuliko vyote katikati kinaachia. Au gari liko spidi mbele, ghafla anavuta nyuma. Hiyo ya pili hata lori la laki nane haliipendi.

Sasa wauzaji, hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kisingizio chenu kikubwa ni kwamba gia ziko aina elfu na hamjui mlete zipi. Sio kweli, gia ina vipimo vyake na ni hesabu ya darasa la nne. Hesabu meno yote, ongeza 2. Pima upana wa gia kwa vania, kile kipimo chenye taya mbili za kubana kitu, ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili. Gawanya upana kwa ile hesabu uliyopata. Gia ya meno 18 ikiwa na upana wa milimita 10 basi 18 na 2 ni 20, 10 gawa kwa 20 unapata 0.5. Hiyo 0.5 inaitwa moduli, ndo ukubwa wa jino lenyewe, na haya magari madogo ya kuchezea mengi yanatumia hiyo hiyo 0.5. Gia za moduli moja zinang'atana, za moduli tofauti zinakulana, haijalishi ni za kampuni gani wala zimetoka kwenye kitu gani. Kama meno ni witiri, 9 au 11, kipimo kinatoka pungufu kidogo, usishtuke. Na kama gia imesagika upande, hesabu meno ya nusu duara iliyo nzima zidisha mara mbili.

Kipimo cha pili ni shimo la katikati. Mota ndogo za saizi 130, 260 na 280 shafti yake ni milimita 2. Zile za kundi la 370, 380 na 390 utakuta milimita 2 au 2.3, hapo pima usikisie. Mota za 540 za malori makubwa ni 3.17, hiyo ni inchi moja ya nane imeandikwa kwa milimita. Imeisha, ukishakuwa na moduli, meno na shimo umeshaijua gia.

Tena Wachina wenyewe wameshaturahisishia, wanauza pakiti za gia mchanganyiko, kuna ya aina 75 ndani ya pakiti moja, na kila gia ina jina la namba linalosomeka ukishajua siri yake. 102A maana yake meno 10, shimo la milimita 2, na hiyo A ni kwamba inabana, shimo lenyewe limetobolewa 1.95 ili ing'ang'anie shafti. Ikiwa B shimo ni 2.05, imelegea, inazunguka bure juu ya shafti, hiyo ni kwa zile gia za katikati. Na ukikuta namba ndefu kama 30102B ni gia mbili zimeungana mgongoni, moja meno 30 nyingine meno 10, shimo la 2, imelegea. Mwenye duka akijua kusoma hivyo hana haja ya kujua gari ni la kampuni gani, mteja anakuja na kigia kibovu kwenye kiganja, kinahesabiwa, kinapimwa, anapewa, analipa jero au buku anaondoka na furaha yake. Pakiti moja ndogo isiyozidi uzito wa simu inahudumia mtaa mzima.

Kubadilisha chenyewe hakuna uchawi ila kuna sehemu mbili ambazo watu wanaharibu. Ukishatoa mota, kigia cha zamani kama kimepasuka kinatoka kwa kucha tu, kama ni kizima ingiza bisibisi bapa mbili huku na huku unyanyue sawasawa pande zote. Kuingiza kipya ndo kwenye kazi. Hizi mota ndogo nyuma zimefungwa kwa kifuniko cha plastiki ambacho ndani yake zipo brashi, ukiweka mota chini na kugonga kigia kwa nyundo kutoka mbele unaisukuma shafti irudi nyuma, inavisukuma vilivyomo ndani, mota iliyokuwa nzima inaanza kukwaruza. Geuza mota uangalie nyuma, utaona ncha ya shafti katikati, hiyo ncha ndo uiegemeze juu ya kichwa cha bolti au msumari mnene, alafu ubane kigia kwa vaisi polepole mpaka kiingie. Kikiwa kigumu sana kichovye kwanza kwenye maji ya moto dakika moja kinaachia kidogo. Kisigusane na uso wa mota, acha upenyo wa unene wa kadi ya vocha.

Sehemu ya pili ni gundi. Fundi akikuambia anatia supaglu kwenye gia iliyopasuka mnyang'anye gari lako uondoke. Hizi gia ni za nailoni au plastiki ya jamii yake, supaglu haishiki vizuri humo, itakaa mpaka mtoto afike mlangoni, na ile inayobaki inatiririka na shafti inaingia kwenye bushi ya mota, inaganda, sasa umeua na mota. Gia iliyopasuka haiungwi, inabadilishwa.

Grisi nayo watu wanaipenda kupita kiasi. Gia zilizofungwa ndani ya boksi lake tia grisi nyeupe kidogo, ya kupaka meno tu. Gia zilizo wazi nje ziache kavu, ukizipaka grisi unakusanya mchanga wa Kigamboni wote unakaa kwenye meno.

Kile kipini cha msalaba kwenye ekseli nikizungumzie peke yake maana ndo kinachopotea kuliko vyote. Mtoto anatoa tairi aoshe gari, kipini kinadondoka kwenye majani, hakionekani tena, tairi linarudishwa linakazwa nati, gari linawashwa na tairi halizunguki, ekseli inazunguka ndani ya tundu. Kwenye malori mengi ya 1/10 kile kidude cha pembe sita kina upana wa milimita 12, na pini yake kwa kawaida ni unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 10. Spoku nyingi za baiskeli ni milimita 2 hizo hizo, zipo nene zaidi kwenye baiskeli za kubebea mizigo kwa hiyo pima kwanza. Nenda kwa fundi baiskeli uokote kipande cha spoku iliyokatika, kata kwa msumeno wa chuma, kwaruza ncha kwa tupa zisiwe na makali, pachika katikati ya ekseli, kidude juu yake, tairi, nati, umemaliza na hujalipa hata mia. Msumari usiweke, ni laini, unapinda ukiwa ndani alafu kuutoa ni mateso.

Kuna kijana wa darasa la sita hapa mtaani, yeye sa hivi hata haniletei gari, ananiletea swali tu. Siku moja kaja na printa mbovu kaiokota nyuma ya steshenari, kaifungua yote, katoa gia zaidi ya kumi, kazipanga kwenye trei ya mayai na kila tundu kaandika meno na upana kwa bolpeni. Nyingi moduli yake haikumfaa, lakini mbili zilikaa, na pikapu yake inatembea kwa gia ya printa mpaka leo, inapiga kelele kidogo ila inapanda mwinuko na kokoto zake. Deki za DVD zilizokufa nazo zina vigia vizuri vya kutoa ile trei, na mota zake ni za shafti ya 2, mafundi wenzangu msizichome.

Najua kuna watakaosema dawa ni kuweka gia za chuma zote yakaisha. Mi siwafichi, siipendi hiyo dawa ikitumika ovyo. Gia ya plastiki kwenye gari dogo inafanya kazi ya fyuzi, gari likigonga ukuta inakatika yenyewe, ya jero, ukiitoa ukaweka chuma ile nguvu haijaondoka, inaenda kutafuta kingine dhaifu, utakata propela, utakata nyumba ya gia ambayo ni plastiki iliyoungana na fremu, au mota itakwama ikiwa na umeme ndani iungue na bodi iungue nayo. Ninachofanya mimi ni kuweka kigia kidogo cha mota cha shaba, gia kubwa naiacha ya plastiki. Kigia chenye meno 10 kikisukuma gia ya meno 50 kinazunguka mara tano wakati mwenzake kazunguka mara moja, kwa hiyo kila jino lake linafanya kazi mara tano zaidi, ndo maana kinaisha mapema, basi hicho kipe chuma na kile kikubwa kiache kiwe cha kujitoa mhanga. Vile vigia vya shaba vinavyobana kwa skrubu ya pembeni, hakikisha skrubu inakaa kwenye ule ubapa wa shafti kama upo, na uiwekee dawa ya kuzuia skrubu kulegea, ya bluu, tone moja, isimwagike kwenye plastiki maana kuna plastiki inazipasua. Ukikosa hiyo dawa rangi ya kucha inasaidia, muombe dada.

Mwenye gari kubwa la kweli la hobi yeye hana shida hizi na nataka nieleze kwanini, maana wapo wanaosema magari ya bei ndo imara. Sio kwamba hayakatiki. Traxxas, kampuni ya Texas iliyoanza 1986, ina lori lake linaitwa Slash la 1/10, linakwenda kama limeibiwa, na gia zake zinakatika vile vile. Tofauti ni kwamba kila kitu ndani ya lile gari, mpaka kipini, mpaka waya wa kubania, kina namba yake kwenye kitabu chenye mchoro wa gari limefumuliwa vipande vipande, unaagiza namba unaletewa namba. Lina na klachi ya kuteleza kwenye gia kubwa ambayo ukiikaza vizuri inateleza badala ya jino kukatika. Wajapani Tamiya wa Shizuoka wanauza magari ya rimoti tangu 1976, lori lao la Clod Buster la mwaka 1987 lenye mota mbili za 540 bado watu wanalo na bado wanapata gia zake. Gari la mwaka 1987! Kile wanachouza kinapendwa miaka yote hiyo kwa sababu kinatengenezeka. Tahadhari moja kwa wenye hayo ya Marekani, wao wanahesabu meno kwa inchi, wanaita pichi. Pichi 32 inakaribiana sana na moduli 0.8 na watu wanazichanganya zinaenda. Pichi 48 ni kama 0.53, usikubali kuuziwa 0.5 ukaambiwa ni ile ile, itaenda siku mbili alafu utaanza kusikia inasaga. Na kwenye hayo mota inasogea, ukifunga gia mpya weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, sukuma mota ibane, kaza skrubu, zungusha karatasi itoke, huo upenyo uliobaki ndo sahihi.

Kuhusu kuiomba serikali izuie, mi naona tuombe kitu kingine. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inawabana wenye viwanda vya mashine za kufulia, friji, simu na vinginevyo wauze spea kwa bei ya maana na wasimzuie fundi wa nje kugusa. Midoli haimo kwenye orodha yao, na hapa kwetu sidhani kama tunahitaji kusubiri sheria kwa kitu cha jero. Tunahitaji mwagizaji mmoja tu mwenye akili ya biashara. Ndugu zangu mnaoleta kontena, au mnaochanganya mizigo kwa kilo kutoka Guangzhou, katika kila katoni ya magari pitisha kifuko kimoja cha spea, mzigo wake hata mizani haiushtukii. Weka vigia vya mota vya meno 8 mpaka 12 vya shimo la 2 linalobana, vya kutosha maana hivyo ndo vinaenda kila siku. Weka na vichache vya 2.3. Gia kubwa za modeli unayouza wewe mwenyewe, hizo muombe kiwanda, wanazo. Pini za 2 kwa 10, mia moja. Vidude vya pembe sita vya 12. Propela pea chache. Beringi za 5 kwa 11 kwa 4 kwa wenye malori ya hobi, na vibati vile vya kubania mwisho wa shafti ambavyo vikiruka havionekani tena duniani. Muuzaji awe na vania ya plastiki kaunta, ya elfu tano inatosha.

Alafu andika kwenye boksi la gari kwamba spea zipo. Mzazi akijua kigia kinapatikana kwa buku atalinunua gari bila woga, atarudi kwa kigia, na akirudi ataona na lile la tope pale juu ya rafu. Wateja wa kwanza kununua hicho kifuko mnao tayari, mafundi wa Mbagala, Temeke, Tandika, Manzese, kila mmoja ana ndoo ya magari yanayosubiri. Mimi ya kwangu imejaa, na nalipa taslimu.

Fundi redio,
Mbagala, Dar es Salaam